Karoti za Saa Sita na Nusu

Katika mkahawa ule kulikuwa na kazi kumi na nne, na kumi na tatu kati ya hizo mtu angeweza kuzitaja mbele za watu bila kuona haya. Mpishi alipika. Wahudumu walihudumu, walipokumbuka. Mlinzi, ambaye kila mtu alimwita Afande, alilinda geti lisilo na kufuli. Kazi ya kumi na nne ilikuwa ya mwanamke wa miaka hamsini na minane, na kazi yenyewe ilikuwa kupaka karoti tope.

Hili si fumbo wala si tusi. Ilikuwa ajira kamili, yenye mswaki wake, beseni lake na kigoda chake nyuma ya jiko, kati ya mtungi wa gesi na banda la kuku. Wenzake walimwita Mama Udongo, naye aliitika bila kinyongo. Kuna watu wanaitwa wakurugenzi na hawajui wanaongoza nini. Yeye angalau alijua anapaka nini.

Mkahawa ulikuwa na ua wa mawe ulio wazi juu, meza kumi na mbili za mbao za makreti, na viti ambavyo havikufanana hata kimoja. Bosi alizunguka mji wiki mbili akitafuta viti visivyofanana, kana kwamba hiyo ni bidhaa adimu. Mnanaa ulioteshwa ndani ya buti kuukuu, vitunguu majani ndani ya sufuria zilizotoboka. Getini uliangikwa ubao: KUTOKA SHAMBANI HADI MEZANI. Meza zilikuwepo, hilo hakuna aliyebisha. Shamba ndilo lilikuwa mahali fulani kati ya ubao na kichwa cha Bosi, mtu aliyeuza matairi nusu ya maisha yake na ambaye akiona jani alilitazama kama anatafuta saizi yake.

Ukweli ni kwamba kila alfajiri gari dogo la Bosi lilikwenda soko la jumla na kurudi na kila kitu. Karoti zilifika safi, zinang'aa, kama vidole vya bibi harusi. Mwanzoni zilipelekwa hivyo hivyo jikoni, hadi siku mteja mmoja mwenye miwani alipochungulia kreti akauliza kwa sauti ya upole, "Samahani, mbona karoti zenu zimeoga?"

Bosi hakulala. Asubuhi yake alikwenda sokoni mwenyewe, akamkuta mwanamke amepiga magoti kando ya karo, anaosha karoti. Alikuwa ameziosha pale miaka ishirini na miwili.

"Mama, karoti zikikufikia zina tope?"

"Zina tope."

"Hilo tope unalijua vizuri?"

"Nalijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu."

"Unaweza kulirudisha?"

Mwanamke alimtazama, akatazama kushoto na kulia kuona kama bwana huyu ana ndugu wanaomtafuta. Lakini magoti yake yalikuwa yameanza kumsemesha kila jioni, tena kwa maneno makali, na bwana huyu alikuwa anatoa kigoda. Akakubali.

Na alipoikubali kazi aliikubali kweli. Alikuwa na udongo wa aina mbili: mwekundu aliouchota kwenye jengo lisiloisha la mtaa wa pili, na mweusi wa kwenye bustani ya kinyozi. Aliuchekecha, akauchanganya, akaongeza maji kidogo kidogo hadi ukawa kama uji wa mgonjwa. Kiganja kilipaka kiwiliwili cha karoti. Mswaki ulipaka shingo, pale majani yanapoanzia. Kisha alizilaza juani dakika ishirini ili tope lipasuke.

"Tope lisilopasuka," alimwambia mpishi, "linaonekana limekuja na basi."

Saa sita na nusu, ua ukiwa umejaa, alivaa buti za mpira na kofia pana ya ukindu, akatokea mlango wa nyuma, akalizunguka jengo zima kwa nje, akapita mbele ya duka la vioo na la kinyozi, halafu akaingia kwa geti la mbele kama mtu aliyetoka mbali. Hapo Afande alimpulizia maji usoni kwa chupa ya kunyweshea maua, yawe jasho. Alikatiza ua polepole, kikapu kiunoni, akitangaza, "Zimetoka shambani sasa hivi!" Simu ziliinuliwa juu kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu. Wanawake walishika vifua. Wanaume walisema "hii ndiyo karoti yenyewe," wao ambao nyumbani karoti hawaigusi. Akifika jikoni alivua kofia, akakaa penye beseni, akaziosha zote, mara tatu kila moja, kwa sababu uchafu wa maonyesho nao ni uchafu. Asubuhi alichafua, mchana alisafisha, na katikati alipigwa picha.

Palikuwa pia na kuku mmoja wa mapambo, ambaye hakuwahi kutaga hata kwa bahati mbaya. Mayai yalikuja kwa trei, na Mama Udongo aliyabandika unyoya. Lakini hiyo aliihesabu kazi ndogo, ya mkono wa kushoto.

Nyumbani hakusema uongo. Hilo alilishikilia kwa meno yote. Jirani alipomuuliza siku hizi yuko wapi, alijibu, "Niko mkahawani, upande wa shamba." Neno lilitoka kinywani kwake dogo kama kifaranga, lilipomfikia binti yake lilikuwa jogoo. Binti alikuwa karani wa masjala hospitalini, mtu wa fomu, na fomu haipendi nafasi tupu. Mtu alipomuuliza mama yako anafanya kazi gani, alijaza: "Ni meneja wa shamba."

Aliyeuliza alikuwa fundi majokofu, kijana mpole aliyeitwa hospitalini kutengeneza jokofu la dawa. Jokofu lilipona siku ile ile, ila fundi aliendelea kuja kulijulia hali kwa miezi minne. Ulipofika wakati wa kusema ya moyoni, alimpelekea habari mama yake, mjane aliyelea watoto watano kwa ekari tatu za karoti. Mama akamjibu hivi:

"Watu wa mjini siwawezi, mwanangu. Wanacheka kwa meno tu. Lakini umesema mama wa binti ni mtu wa shamba. Mtu wa shamba hadanganyi, udongo utamuumbua. Nitakuja nimwone kwa macho yangu. Nikiridhika, mambo yaendelee. Nisiporidhika, majokofu mabovu mjini yako mengi, utakutana na mwingine."

Kwa hiyo Jumanne jioni, Mama Udongo akiwa na kijiko mkononi, binti yake alimwambia kwa furaha:

"Mama, nimeweka meza Jumapili. Pale pale kwako."

"Kwangu wapi?"

"Mkahawani! Mama yake anataka kula kwenye shamba unalolisimamia."

Kijiko kilisimama nusu ya njia. "Mwanangu, umemwambia mimi ni nani?"

"Meneja."

"Meneja wa nini?"

"Mama! Si mwenyewe ulisema uko upande wa shamba?"

"Nilisema *upande*."

"Basi Jumapili kaa upande huo huo, tena uvae ile kofia yako."

Alitaka kumwambia. Alijaribu Jumatano, binti anapiga pasi na kuimba. Alijaribu Alhamisi, binti anapima viatu na kuimba. Ijumaa aliamua kwamba mtu anayeimba hivyo haambiwi habari za mswaki, akanyamaza.

Bosi alimpa ruhusa ya kukaa mezani kama mgeni, kwa sharti moja. "Kikapu lazima kipite, Mama. Watu wanakuja kwa ajili ya kikapu. Supu ni kisingizio."

"Atakipitisha nani?"

Wakageuka wote wawili kumtazama Afande, aliyekuwa amelala wima.

Mama Udongo alimfundisha Jumamosi nzima. "Kumbuka moja tu, Afande. Kilichoota ndani ya ardhi ndicho kinachopakwa. Kilichoota juu, kiache."

"Nimeelewa, Mama. Mimi nimelinda benki."

Jumapili mkwe, mama yake fundi, aliingia getini, na Mama Udongo akasimama kumpokea. Alikuwa amejiandaa kumpokea mwanamke wa jembe. Aliyefika alikuwa na gauni la zambarau, viatu vya kisigino, kucha nyekundu na mkoba mweusi uliong'aa hadi kuku akajiona ndani yake. Aliyelima maisha yake yote alivaa kama anakwenda kupokea tuzo. Asiyewahi kulima alikuwa na kofia ya ukindu.

"Karibu, mkwe wangu, karibu," alisema Mama Udongo.

"Asante, mkwe. Ndiyo wewe meneja?" Mkwe alishika mkono wake, akaugeuza, akautazama kiganja. "Mkono umefanya kazi huu."

"Umefanya."

"Hilo la kwanza." Akaketi kama jaji.

Binti na fundi walikaa upande mmoja, wakishindana kumiminia watu maji. Mkwe alichukua kibao cha vyakula akasoma kwa sauti: "'Supu ya karoti zilizoamka leo alfajiri.' Hm. 'Majani machanga yaliyoguswa na umande.' Umande wa nani? 'Kuku aliyeishi kwa furaha.'" Akamgeukia mwanawe. "Hawa wanapika chakula au wanaandika barua za uchumba?"

"Mama, ndiyo mtindo."

"Kama aliishi kwa furaha mngemwacha." Kisha akakiweka kibao chini, akamkazia macho mwenzake. "Haya, mkwe, tuzungumze ya kwetu. Karoti zenu mnaanzia kwenye kitalu, au mnapanda mbegu moja kwa moja?"

Mama Udongo alikunywa maji. Yalikuwa mengi, nayo yakaisha. "Sisi hapa," alisema, "tunafuata hali ya hewa."

"Hali ya hewa?"

"Ikiruhusu."

"Na miche mnaipunguza wiki ya ngapi?"

"Ikifika wiki yake, mkwe, hatuchelewi."

Mkwe aliitikia kwa kichwa tu. Aliitikia kama mtu anayeweka kitu mfukoni ili akitazame vizuri baadaye. Karoti, kama mkulima yeyote anavyojua na kama Mama Udongo hakujua, haianzii kitaluni hata siku moja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba wakati mwingine inakatiza ua wenye meza kumi na mbili, saa sita na nusu kamili, ikiwa imevaa buti za Afande.

Aliingia kwa mwendo wa gwaride. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kikapu alikishika kama bunduki. Katikati ya ua aligonga visigino, akapaza sauti ile ile aliyoitunza kwa ajili ya wezi: "ZIMETOKA SHAMBANI SASA HIVI!" Mtoto mmoja akaangusha glasi. Ndani ya kikapu mlikuwa na karoti, na tope lilikuwa bichi, linatiririka hadi kwenye suruali yake. Lakini karoti hazikuwa peke yake. Afande, mtu wa kujituma, alikuwa amepaka pia nyanya. Alikuwa amepaka ndimu. Alikuwa amepaka mayai, na juu ya tope akabandika unyoya.

Simu ziliinuka kama kawaida. "Ona nyanya hizo zilivyo za asili," alisema mama mmoja wa meza ya jirani, karibu alie.

Mkwe aliweka uma chini. "Hizi nyanya," aliuliza taratibu, "zimechimbwa?"

Binti alicheka peke yake. Fundi alitazama dari, akakumbuka kwamba uani hakuna dari.

Mama Udongo naye alikuwa anateseka, lakini si kwa sababu ambayo mtu angeidhania. Kilichomkereketa kuliko hata mkwe ni lile tope. Maji mengi! Halijapasuka! Shingo hazijaguswa na mswaki! Miaka mitatu ya kazi safi ya uchafu inaharibiwa mbele ya macho yake na mtu aliyelinda benki. Na hapo Bosi akachungulia mlango wa jiko, akimwita kwa vidole, uso umelowa jasho ambalo Afande hakulipuliza.

"Naenda kunawa mikono," alisema Mama Udongo.

"Saa saba na nusu," Bosi alinong'ona walipofika nyuma ya jiko, "kuna meza ya watu ishirini. Wanaandika habari za vyakula magazetini. Mama, nakusihi, kikapu kimoja tu. Kile cha Afande nimekificha."

Mtu mwenye busara angerudi mezani. Mama Udongo alipandisha mikono ya gauni, akaketi kwenye kigoda chake, akavuta kreti. Kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ilijua ifanye nini. Alikuwa kwenye karoti ya tisa, mswaki shingoni, ulimi nje kidogo, alipohisi kivuli cha zambarau.

"Nilikuwa natafuta shamba," alisema mkwe.

Kuku wa mapambo alipita katikati yao, akaona mambo yake hayapo, akaendelea.

Mkwe aliinama, akachukua karoti moja safi kutoka kwenye kreti na moja ya tope kutoka mapajani kwa mwenzake. Akazitazama, hii na hii, hii na hii.

"Mimi karoti zangu naziosha kabla hazijatoka nyumbani," alisema. "Huko sokoni zinaoshwa tena. Zikibaki na tope dalali anazisukuma kando kwa mguu. Kwa mguu, mkwe! Na hapa mnakaa kwenye kigoda mnalirudisha?"

"Tunalirudisha."

"Kwa mswaki?"

"Shingoni tu."

"Kwa hiyo shamba hakuna."

"Hakuna."

"Na wewe?"

Mama Udongo aliweka mswaki chini. "Mimi sijawahi kupanda hata kitunguu, mkwe wangu. Mimi ni mwoshaji. Miaka ishirini na miwili kwenye karo la sokoni. Binti yangu hajui habari za mswaki; alisikia 'shamba' akajaza mwenyewe, nami nikaacha. Kosa ni langu. Yeye usimhukumu kwa tope langu."

"Ishirini na miwili," mkwe alirudia, na sauti yake ilikuwa na makali. "Ndiyo nyinyi mnaozichubua karoti za watu kwa brashi ya waya!"

"Nani? Mimi?" Mama Udongo alisimama. Kuitwa mwongo alivumilia, maana ilikuwa kweli. Hili hakulivumilia. "Brashi ya waya ni wale wa karo la pili, wasio na adabu! Mimi nilitumia gunia laini, na karoti yangu haikutoka damu hata siku moja! Lete hapa." Akampokonya ile safi. "Hii imekulia kwenye udongo wa kichanga, ona ilivyonyooka, haikubishana na mtu. Hii nyingine ilikutana na jiwe utotoni, ikajigawa miguu miwili. Na hii ilikosa maji muda mrefu, halafu ikanyeshewa kwa pupa, ndipo ikapasuka ubavuni. Kama mtu aliyekaa na njaa akaitwa karamuni. Usiniambie mimi habari za karoti!"

Mkwe alichagua nyingine mbili kutoka kwenye kreti, akamnyooshea.

"Hiyo ilipandwa imebanana na wenzake. Hiyo ya pili ilichelewa kuvunwa, imekuwa ngumu moyoni."

"Kama mimi," alisema mkwe, na pembe moja ya mdomo ikamcheza. Kisha akavuta ndoo ya plastiki, akaipindua, akaiketia, gauni la zambarau na yote. "Kuzisoma unazisoma. Lakini tope lako ni la uongo hata kwa tope. Umelipaka kote sawasawa, kama siagi kwenye mkate. Karoti haitoki ardhini hivyo. Udongo unashika kwenye hivi vinywele vya mizizi, hapa na hapa. Begani hapa juu haushiki, begani pako nje, panapigwa jua, panakuwa kijani. Nipe mswaki."

Walipaka pamoja, karoti baada ya karoti. Walikuwa wamebakiza chache Bosi alipokuja mbio: meza ya ishirini imekaa, kikapu kiko wapi?

Mkwe alisimama, akaifuta mikono, akakitazama kikapu muda mrefu. "Mkwe," alisema, "miaka thelathini natoa karoti shambani kwa kikapu kama hiki. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuinua kichwa. Na wewe wanakupigia makofi kila siku?"

"Jumapili mara mbili."

"Leo nitakibeba mimi. Hilo la kuniongopea bado nalitafakari, usidhani nimesahau. Ila ya humu nyuma yabaki humu nyuma, watoto wasisikie mpaka nimeamua."

Akatoka, akalizunguka jengo, visigino vikigonga barabarani. Mama Udongo alisimama mlangoni mwa jiko kutazama, kofia mkononi. Alikuwa ameokoka, au karibu. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu.

Mkulima wa kweli aliingia uani na karoti zilizopakwa vizuri kuliko siku zote. "Zimetoka shambani," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu alikuwa amengojea kulisema hilo mbele za watu miaka mingi kuliko alivyojua.

Hakuna simu iliyoinuka.

"Dada, samahani," aliita mama wa meza ya jirani, "tuletee vijiti vya meno."

"Mizigo ya jikoni ipitie nyuma basi," alisema bwana mmoja wa meza ya ishirini, akainama kutazama saa. "Mkulima anakuja saa ngapi? Tuliambiwa kuna mkulima."

"Mtoe!" Bosi alimnong'oneza Mama Udongo sikioni. "Hafanani na mkulima! Mkulima gani ana kucha nyekundu? Vaa kofia yako uende wewe!"

Mkwe alikuwa amesimama katikati ya ua, kikapu kimemlemea kwa mara ya kwanza maishani. Kidevu chake, ambacho tangu asubuhi kilikuwa juu, kilianza kushuka. Kwenye meza ya ukutani binti na fundi walikuwa wameganda, hawaelewi kwa nini mama wa mmoja wao anahudumia wateja.

Mama Udongo aliitazama kofia. Aliitazama kama mtu anavyotazama jino bovu kabla ya kufungua mdomo kwa daktari. Kisha akatoka, akavuka ua kwa hatua sita, na kofia akamvalisha mkwe wake.

"Jamani, sikilizeni! Mkulima mnayemtaka ni huyu hapa! Huyu, mwenye zambarau! Ana ekari tatu za karoti, amelea watoto watano kwa jembe. Mimi mnayenipiga picha kila siku sijawahi kupanda hata kitunguu. Kazi yangu ni kupaka karoti tope kwa mswaki. Shamba hapa hakuna. Karoti zinatoka sokoni. Na yule kuku hatagi!"

Sufuria za jikoni zikaanza kusikika hadi uani. Bosi alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Binti alijifunika uso kwa kitambaa cha meza, na glasi mbili zikafuata kitambaa.

Ndipo yule bwana wa meza ya ishirini akaruka kutoka kitini, uso unang'aa.

"Wameweka na maigizo!"

Makofi yalilipuka. Watu walisimama, walipiga miluzi, simu zikaja juu zote kwa pamoja. "Rudia pale pa kuku!" waliomba. "Na huyo wa zambarau, anaigiza vizuri mno, huyo ndiye mkulima kabisa!" Mama wa vijiti vya meno alifuta machozi akisema hajawahi kuona ukweli ulioigizwa vizuri namna ile. Mkwe alisimama chini ya kofia, akasikiliza makofi ya miaka thelathini yakimfikia kwa mkupuo. Kidevu kikapanda, kikapita pale kilipokuwa asubuhi. Akainua karoti moja juu kama kombe, akainama mara mbili, ya pili bila kuombwa.

Meza ya ukutani haikupiga makofi. Pale walijua maigizo ni yapi na yasiyo maigizo ni yapi.

"Mama," binti alisema kutoka ndani ya kitambaa, "umeniua."

"Sijakuua. Nimekuosha tu. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Fundi alikuwa anamtazama mama yake kama anavyotazama jokofu linalotoa sauti asiyoijua. "Mama... na lile jibu?"

Mkwe aliketi bila kuvua kofia. Akavuta bakuli la supu ya karoti zilizoamka alfajiri, akaionja, akaongeza chumvi. Akala vijiko vinne huku watu watatu wakiacha kupumua.

"Huyu mama," alisema hatimaye, akimwonyesha Mama Udongo kwa kijiko, "alikuwa na uongo mzuri. Umeiva, umefungwa, nami nilikuwa nimemsaidia kuufunga. Angekaa kimya mlangoni, nani angejua? Ameutupa mbele za watu ili mimi nisichekwe." Akala cha tano. "Mambo yaendelee. Ila nina sharti: Jumamosi aje kwangu. Siwezi kuwa na mkwe ambaye hajui karoti inatokea upande gani."

Bosi alifika hapo akikunja mikono, akitaka kujua kama wakwe wangeweza kulirudia lile igizo kila siku, na Jumapili mara mbili.

"Mimi nina shamba la kuendesha, baba," mkwe alimjibu. "Wewe endelea na lile la kwenye ubao."

Jumamosi Mama Udongo alipanda basi na buti zake za mpira, ambazo siku hiyo zilikanyaga shamba kwa mara ya kwanza na kuonekana zimeshangaa. Alionyeshwa tuta, akainama, akashika majani kwa chini kama alivyoelekezwa, akavuta. Ardhi ilishikilia kidogo, halafu ikaachia. Karoti ilitoka ndefu, ya baridi, udongo umeng'ang'ania kwenye vinywele, hapa na hapa, begani pako kijani, kama alivyoambiwa.

Aliitazama sana. Kisha mkono wake wa miaka ishirini na miwili ukaanza wenyewe kutafuta maji.

"Weee! Usioshe!" mkwe alipiga kelele kutoka tuta la pili. "Hata dakika haijamaliza nje!"

Jioni, akijiandaa kuondoka, alisimama mlangoni akizungukazunguka na mkoba wake, kama mtu mwenye ombi la aibu.

"Sema, mkwe."

"Naomba udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kazini."

Mkwe alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua mfuko, akamjazia mwenyewe, kutoka tuta zuri la karibu na mfereji, akaufunga fundo.

Tangu siku hiyo, kila mwezi mfuko mmoja huja mjini kwa basi, mapajani kwa fundi majokofu au kwa mke wake, kutegemea nani amekwenda kusalimia. Karoti bado zinatoka sokoni. Kuku bado hatagi. Lakini mteja akiuliza kama kweli kuna kitu kinachotoka shambani, Mama Udongo humtazama machoni bila kupepesa, humsogezea karoti karibu na pua, na kumwambia anuse.